"Mche Uliupataje?" Niliyojifunza Moshi Kuhusu Kuchagua Instrumenti

Wanafunzi wa uzamili wanaoniletea data zao huanza karibu wote na ombi moja: "Madam, naomba unisaidie kupata instrumenti." Yaani kigeu cha nje kitakachowasaidia kutenganisha sababu wanayoipima na mambo yaliyoambatana nayo. Wameshazunguka vijijini na dodoso, data ipo kwenye Stata, programu ya takwimu, na msimamizi ameshawaandikia pembeni mwa rasimu kwamba rigresheni yao, hesabu ya uhusiano wa vigeu, ina upendeleo, yaani namba yake inapotoka kwenye ukweli. Basi wanafungua orodha ya vigeu na kuitafuta instrumenti humo humo, safu baada ya safu. Mimi nachambua data za kilimo na elimu hapa Moshi, na kama kuna kitu ningependa kila mmoja wao akijue kabla hajawasha kompyuta, ni kwamba instrumenti hupatikana kwa kujua jinsi kile unachokipima kilivyomfikia mtu. Nani aligawa? Kwa utaratibu gani? Nani aliachwa, na kwa nini? Majibu hayo kwa kawaida hayamo kwenye dodoso. Anayo katibu wa chama cha msingi cha ushirika, mengine kwenye daftari lake na mengine kichwani.

Chukua swali linaloulizwa sana huku kwetu: mkulima aliyepanda miche bora ya kahawa, ile inayohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, anapata kipato zaidi kuliko mwenye mibuni ya zamani? Miche hiyo ilitoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, na imesambazwa kwa miaka mingi, ikiwemo kupitia vikundi vya wakulima wenye bustani mama zao, mashamba ya kuzalishia miche. Ukiwalinganisha waliopanda na wasiopanda unaweza kuona tofauti nono. Lakini jiulize ni nani aliyethubutu kung'oa mibuni aliyoachiwa na baba yake na kukaa misimu kadhaa bila mavuno. Mara nyingi ni yule mwenye kijana Dar es Salaam anayetuma hela, au mstaafu mwenye pensheni, au mtu mwenye ng'ombe wa maziwa wawili na samadi ya kutosha. Hela ya kijana, pensheni na samadi vyote vinaongeza kipato hata bila mche mpya. Kama hukuvipima, vimejificha kwenye masalia ya rigresheni, yaani sehemu ya kipato ambayo vigeu vyako havikuieleza, na vimeshikamana na miche. Namba unayoisoma kama faida ya mche ina faida ya vyote hivyo ndani yake.

Kazi ya instrumenti ni kuvunja mshikamano huo. Unatafuta kitu kinachomsukuma mkulima kupanda miche au kutoipanda, ambacho hakitokani na hali yake mwenyewe, na ambacho hakina njia nyingine ya kufika kwenye kipato chake isipokuwa kupitia miche hiyo. Kwamba kinasukuma kweli, data inaweza kukuonyesha. Kwamba hakina njia nyingine, hakuna jaribio la takwimu litakalokuthibitishia. Hilo linatetewa kwa hoja, na hoja inatokana na kuijua sehemu na watu wake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1928 Mmarekani Philip Wright alichapisha kitabu kuhusu ushuru wa mafuta ya wanyama na ya mimea, na kwenye Kiambatisho B akaeleza namna ya kutenganisha mahitaji na ugavi. Aliyewahi kusimama soko la Tengeru siku ya Jumamosi anauelewa ugumu wake. Tenga la nyanya limepanda bei, lakini huwezi kujua kama ni wanunuzi wamekuja wengi au ni mashamba yamepigwa na mvua, kwa sababu bei na kiasi vinaamuliwa kwa pamoja. Wright alitafuta kinachogusa upande mmoja tu wa soko, mfano mavuno kwa ekari ya mbegu za kitani, ambayo hubadilisha ugavi bila kubadilisha hamu ya mnunuzi. Ninachompendea ni kwamba alilijua soko lake kwanza.

Instrumenti inayokimbiliwa zaidi na wanafunzi wangu ni umbali: umbali hadi ofisi ya bwana shamba, hadi AMCOS (chama cha msingi), hadi barabara ya lami. Hoja yao ni kwamba mkulima hakuchagua umbali, kihamba (shamba la ukoo) alirithi, kwa hiyo kigeu hicho kinatoka nje ya maamuzi yake. Kwenye mlima huu hoja hiyo haifiki mbali. Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, kila kilomita inabadilisha mambo mengi kwa mpigo: mwinuko, mvua, ubaridi, udongo, thamani ya ardhi, ukubwa wa kihamba. Aliye mbali na lami mara nyingi ndiye aliye juu zaidi, na juu kahawa huiva taratibu na ubora wake hutofautiana na wa chini. Umbali una milango mingi ya kuingilia kwenye kipato, na mche ni mmoja tu kati ya hiyo.

Kuna siku nilikwenda na mwanafunzi mmoja hadi kwenye chama cha msingi upande huo wa Kibosho, yeye akiwa na dodoso lake na ramani ya GPS kwenye simu. Katibu, mzee mwenye sauti ya chini, alikuwa ghalani anapima kahawa ya maganda ya mama mmoja. Alisoma mizani mara mbili, akaandika kilo kwenye stakabadhi, akamkabidhi yule mama na kumwambia aihesabu mwenyewe kabla hajaondoka. Ndipo akatugeukia. Tukamwamkia, akatuvutia benchi. Mwanafunzi akamuuliza ofisi ile ilijengwa pale kwa sababu gani.

"Hapa ndipo kahawa ilipokuwa nyingi," mzee akajibu. "Wazee wangeijenga wapi tena? Lori lilikuwa linaishia hapa."

Jibu lile lilitosha kuondoa kurasa nzima kwenye rasimu ya tasnifu. Ofisi iliifuata kahawa, na kahawa ilifuata udongo na maji. Walio karibu na ofisi wako karibu nayo kwa sababu eneo lao lilikuwa zuri tangu mwanzo. Takwimu za hatua ya kwanza, yaani hesabu ya jinsi instrumenti inavyosukuma miche, zingeonyesha umbali una nguvu sana ya kueleza nani alipanda miche, na nguvu hiyo hiyo ndiyo ingempotosha.

Mwanafunzi alikunja uso, nami nikauliza swali ambalo sasa namfundisha kila anayekuja: "Na miche ya kwanza kabisa, mzee, mtu aliipataje?"

"Miche ilikuwa michache, waliojiandikisha wengi," akasema. "Tukaona watu watagombana. Tukaandika vikaratasi, tukaweka kwenye kofia, kila mtu akavuta."

Akaenda ndani akarudi na kauntabuku lenye jalada gumu, kona zimelika. Majina yameandikwa kwa kalamu ya bluu, mbele ya kila jina kuna alama ya vema au mstari mfupi. Halafu kuna majina yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake majina mengine yamechomekwa kwa mwandiko tofauti. Tukayapitia moja moja. Huyu alishinda lakini shamba lake lilikuwa bado lina mibuni mizee, akampisha mdogo wake. Huyu alikuwa amesafiri siku ya kuchukua miche. Huyu je, aliyechomekwa bila alama yoyote? Mzee akafikiri kidogo, akasema huyo alikuwa mjumbe wa bodi.

Napenda kukaa kwenye kurasa hizo za daftari kwa sababu somo zima la instrumenti limo humo. Mwanafunzi kwa haraka zake angenakili orodha ya waliochukua miche. Lakini orodha hiyo tayari imechanganyika na undugu, safari, maandalizi ya shamba na cheo. Kilicho safi ni matokeo ya kofia: nani alivuta karatasi yenye vema na nani alivuta tupu, bila kujali kilichofuata. Aliyeshinda akampisha mdogo wake anabaki mshindi kwenye data, ingawa hakupanda. Mdogo wake, kama naye alivuta tupu, anabaki kwenye upande wa tupu, ingawa alipanda. Mjumbe wa bodi hakuvuta kabisa, kwa hiyo anatoka kwenye ulinganisho. Wanafunzi huona vigumu kukubali hili, kwa sababu inaonekana kama kuweka uongo kwenye data. Ukweli ni kwamba ndiyo njia ya kuulinda ukweli. Ukianza kumhamisha mtu kwa sababu ya alichofanya baada ya kura, umerudisha ndani hali yake mwenyewe, ile ile uliyokuwa unaikimbia.

Tukauliza zaidi. Waliovuta vema walipewa miche peke yake? Hapana, walipewa na mfuko wa mbolea, na bwana shamba alikuwa akipita kwao mara kwa mara msimu ule. Hapo sharti la njia moja likatikisika. Kura ilimfikia mkulima kwa njia tatu: mche, mbolea, na ushauri ambao huenda aliutumia pia kwenye migomba na parachichi zake. Mwanafunzi hawezi tena kusema namba yake ni faida ya mche. Anachoweza kusema kwa haki ni kwamba ni faida ya kifurushi chote, na anaweza kuripoti pia tofauti ya moja kwa moja kati ya waliovuta vema na waliovuta tupu, bila kugawanya kwa chochote. Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuiona kwanza kwenye kila tasnifu. Kama kura yenyewe haina alama yoyote kwenye kipato, hesabu za hatua mbili, kutoka instrumenti hadi miche kisha miche hadi kipato, haziwezi kuleta muujiza.

Na hata kifurushi hicho, namba yake ni ya nani? Guido Imbens na Joshua Angrist walilijibu swali hili mwaka 1994, na kazi ya aina hiyo ndiyo iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na David Card. Instrumenti inapima athari kwa wale tu waliobadilisha uamuzi kwa sababu yake. Kule Kibosho kuna ambaye angepata miche kwa vyovyote vile, angeinunua au angepewa na shemeji. Kuna ambaye hata angeshinda asingepanda, maana amekata tamaa na kahawa na anafikiria nyanya. Hao wawili kura haikuwagusa, na hesabu haisemi chochote juu yao. Inamsemea yule wa katikati, aliyekuwa anatamani miche akakosa njia, na kofia ikampa. Wizara ikitaka kujua faida ya kugawa miche kwa watu wa aina hiyo, namba ni yake. Ikitaka kujua faida ya kumlazimisha kila mtu apande, namba hii haifai, na mwandishi ana wajibu wa kuandika hivyo kwa maneno yanayosomeka.

Niseme pia kuhusu majirani. Kuna mtindo wa kutumia wastani wa majirani kama instrumenti: asilimia ya watu wa kitongoji waliopanda miche, ukimwondoa mhojiwa mwenyewe. Kwenye karatasi unaonekana nadhifu. Lakini huku uchaggani jirani yako ni nani? Kihamba cha babu kiligawanywa kwa wana, na wana wakawagawia wana wao. Jirani ni kaka, baba mdogo, binamu. Mnanywa maji ya mfongo (mfereji wa asili) mmoja, mnalima udongo mmoja, mnachanga ada ya mtoto mmoja, na Desemba mnampokea ndugu yuleyule kutoka mjini akiwa na bahasha. Charles Manski alionyesha mwaka 1993 jinsi ilivyo vigumu kutenganisha ushawishi wa kundi na mambo ambayo kundi linayo kwa pamoja. Mimi instrumenti ya majirani siipitishi kwa data za mlimani.

Elimu nayo ina mtego wake, na ndio unaonigusa zaidi. Mwaka 1995 David Card alitumia ukaribu na chuo kama instrumenti ya miaka ya masomo nchini Marekani: kijana aliyekulia karibu na chuo anasoma zaidi kwa sababu gharama ni ndogo. Karatasi hiyo imesomwa na kila mtu, na mwanafunzi wa hapa anapoisoma anafikiri mara moja shule za misheni. Kilema, Kibosho, Machame, Old Moshi. Kwa nini asitumie umbali kutoka misheni ya zamani kueleza elimu ya wazee wa leo, kisha elimu ieleze kipato?

Kwa sababu wamisionari hawakuleta shule peke yake. Wakatoliki wa Kilema ndio wanaotajwa kuleta kahawa mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Waliofundisha kusoma ndio waliofundisha kupanda mbuni, na walijenga zahanati hapo hapo. Tena hawakukaa popote tu. Walikaa kwenye himaya za mangi, watawala wa Kichaga, waliowakaribisha, mahali penye watu na maji. Kwa hiyo umbali kutoka misheni unaingia kwenye kipato kupitia shule, kahawa, afya, na pia kupitia sababu zilizowafanya wakae pale. Ungekuwa na data ya zao hilo kwa kila kaya ungejaribu kuidhibiti, lakini kahawa yenyewe ni matokeo ya ukaribu ule ule, na kudhibiti matokeo ya instrumenti hufungua tatizo jingine.

Kwa anayetaka kweli kupima elimu, huwa namwelekeza kwa Esther Duflo na karatasi yake ya mwaka 2001. Indonesia ilijenga zaidi ya shule za msingi 61,000 kati ya mwaka wa fedha 1973/74 na 1978/79, na yeye akalinganisha mikoa iliyojengewa nyingi na iliyojengewa chache, na ndani ya kila mkoa watoto waliowahi kufaidika na waliokuwa wameshapita umri. Sisi tuna shule za kata, zilizojengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, na mwaka wa kuzaliwa pamoja na kata vinaweza kufanya kazi ile ile. Ila Kilimanjaro ndio mkoa mbaya wa kujaribia. Huku sekondari zilikuwa nyingi tayari, za makanisa, za wazazi na za jumuiya, na mtoto ambaye shule ya kata ilimwongezea nafasi ambayo hakuwa nayo ni wa kutafuta. Hatua ya kwanza itakuwa dhaifu. Mwanafunzi anayekaa Moshi inampasa wakati mwingine akubali kwamba jibu lake liko Dodoma au Lindi.

Udhaifu huo wa hatua ya kwanza una historia yake. Mwaka 1991 Angrist na Alan Krueger walitumia robo ya mwaka mtu aliyozaliwa. Sheria za Marekani zilimruhusu mwanafunzi kuacha shule akifikisha umri fulani, kwa hiyo waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka, ambao huanza shule wakiwa wakubwa kidogo, walifika umri huo wakiwa wamesoma muda pungufu kidogo. Walikuwa na watu zaidi ya 329,000. Mwaka 1995 John Bound, David Jaeger na Regina Baker wakachukua data hiyo, wakaweka robo za kuzaliwa za kubahatisha tu zisizo na maana yoyote, na bado baadhi ya hesabu zikatoa matokeo yanayofanana na ya kweli, na makosa sanifu yasiyotia shaka. Ukubwa wa sampuli haukuokoa kitu. Instrumenti dhaifu inayosukuma kwa nadra hukurudisha polepole kwenye upendeleo ule ule wa rigresheni ya kawaida.

Kutoka hapo ndipo ilipoenea kanuni ya F, kipimo cha nguvu ya hatua ya kwanza, kuvuka 10, iliyotokana na karatasi ya Douglas Staiger na James Stock ya mwaka 1997. Wanafunzi wanaishika kama amri: 10.3 wamepona, 9.8 wamekufa. Siioni hivyo. Mwaka 2022 David Lee na wenzake walionyesha kwamba ukiwa na instrumenti moja na unataka kuliamini jaribio la kawaida la asilimia 5 bila marekebisho, F inapaswa kuvuka 104.7. Tasnifu nyingi ninazozipokea hazifiki huko. Ushauri wangu ni kuweka kipindi cha Anderson na Rubin, yaani mipaka ambayo jibu la kweli linaweza kuwa ndani yake, ambacho kimekuwepo tangu 1949 na kinabaki halali hata instrumenti ikiwa dhaifu. Kipindi hicho kikitoka kipana mno, basi ndivyo tunavyojua, na upana huo uandikwe.

Mvua nitaipita haraka, ingawa inapendwa. Edward Miguel, Shanker Satyanath na Ernest Sergenti waliitumia mwaka 2004 kupima uhusiano wa ukuaji wa uchumi na vita Afrika, ikawa kama imefungua bomba. Mwaka 2015 Heather Sarsons aliangalia wilaya za India zilizo mkondo wa chini wa mabwawa, ambako kipato hakitegemei sana mvua, akakuta mvua bado inahusiana na ghasia. Maana yake ina njia nyingine. Hapa kwetu njia hizo unaziona kwa macho: mvua inakata barabara ya kwenda sokoni, inaleta malaria tambarare, na ikinyesha kahawa ikiwa juu ya vichanja inaharibu ubora bila kupunguza hata kilo moja ya mavuno.

Baridi kali ya Brazil ya Julai 1975 inavutia zaidi. Iliunguza mibuni ya Paraná, bei ya dunia ikapaa, na mkulima wa Kilimanjaro hakuwa na mkono wowote katika hilo. Kama mshtuko wa nje, huwezi kuomba zaidi. Ila tazama nini kingine kilikuwa kinatokea nyumbani. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa linasukuma elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaundwa nchi nzima. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na kahawa ikabaki mikononi mwa mamlaka ya serikali, kwa hiyo bei ya dunia na bei aliyolipwa mkulima vilikuwa vitu viwili. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na 1978 vita na Uganda ikaanza. Mtafiti anayelinganisha kaya za kahawa na za tambarare kabla na baada ya 1975 analinganisha yote hayo kwa pamoja.

Watu huniuliza kuhusu jaribio la Sargan au la Hansen, lile linalotumika ukiwa na instrumenti zaidi ya vigeu vinavyozihitaji. Lina faida: instrumenti zikipingana, kuna kitu kimeharibika. Zikikubaliana, hujathibitisha lolote. Umbali hadi AMCOS na umbali hadi lami vitakubaliana vizuri kabisa, kama mashahidi wawili waliokaa usiku kucha wakipanga maneno. Jaribio ninaloliamini zaidi ni la kutafuta kundi ambalo njia yako kuu haiwezi kupita. Kwenye ile kura ya miche, chukua vigeu vya kabla ya kura: umri, idadi ya mibuni, ng'ombe, elimu ya mama. Kofia kama ilikuwa ya haki, waliovuta vema na waliovuta tupu wafanane. Kwa umbali, chukua kaya za mlimani zisizo na mbuni hata mmoja. Kama umbali hadi AMCOS unaeleza kipato chao pia, umeshapata jibu.

Yule mwanafunzi alirudi mwenyewe kwa katibu kunakili daftari lote, pamoja na majina yaliyokatwa. Tasnifu yake ilisema ni faida ya kifurushi, kwa watu wa aina fulani, wa chama kimoja. Kwenye utetezi mtahini mmoja alimwambia matokeo ni finyu. Akajibu kwa utulivu kwamba ni finyu kwa sababu ndicho anachoweza kukisimamia, kisha akaeleza kila jina jekundu lilikuwa na maana gani. Nilikuwa nimekaa nyuma, na nilifurahi mno.

Sasa nina mwingine anayetaka kupima faida ya maji kwa wakulima wa mpunga wa Lower Moshi, kule Chekereni na Mabogini, wanaotegemea mito ya Njoro na Rau. Anataka kutumia nafasi ya kiwanja kwenye mfereji: aliye mwanzo anapata maji, aliye mwisho anasubiri. Hatua ya kwanza itakuwa na nguvu, hilo sina shaka nalo. Swali ni jinsi viwanja vilivyogawiwa skimu ilipojengwa miaka ya 1980, na vimeuzwa au kukodishwa mara ngapi tangu hapo. Nimemwambia asiguse data kwanza. Kuna wazee waliokuwa vijana wakati ule na wanakumbuka nani aliita majina na kwa utaratibu gani, na ofisi ya chama cha umwagiliaji huenda ina orodha ya kwanza. Kama viwanja vilifuata mahali kila mtu alipokuwa akilima kabla ya mfereji, mwanzo wa mfereji ni wa waliokuwa karibu na mto tangu zamani, na tutaiacha instrumenti hiyo. Kama vilipigiwa kura, tutaanza na orodha ya siku hiyo, hata kama leo kiwanja kina mwenyewe mwingine. Ameniambia atakwenda Chekereni Alhamisi asubuhi, kabla wazee hawajaingia shambani.